Motokari ya umeme na delestaji: vile unachaji kila siku njo batri itadumu ao itachoka mapema

Juzi saa moja ya usiku umeme ulirudi hapa kwetu Kampemba, Lubumbashi, kelele za watoto zikatoka kila lupango, na kabla hata sijaamuka kwenye kiti kijana wa jirani alikuwa ameshachomeka motokari ya baba yake kwenye prizi ya barza. Nikasogea nikaangalia tabulo ya motokari, batri iko 74%. Nikamuuliza, leki, kesho baba anaenda wapi? "Anaenda tu ku kazi, yaya, pale mu mujini." Kwenda na kurudi haifiki kilomita 20. Sasa unachaji juu ya nini? "Juu umeme iko. Kesho hatujue kama itakuwa."

Hilo jibu njo limenifanya niandike. Sisi wote wa Lubumbashi tumelelewa hivyo, maji ikitoka unajaza kila bidoni, umeme ukirudi unachomeka kila kitu, simu, lampe, redio, na hatujakosea juu tunajua vile delestaji, ule mgao wa umeme, inaweza kukaa siku mbili. Lakini batri ya motokari haiko bidoni. Ukiijaza mpaka juu na kuiacha imejaa usiku kucha, halafu mchana kutwa kwenye jua, halafu kesho tena, unaipunguza kidogo kidogo, na hautaona kitu mwaka wa kwanza, utaona miaka ikipita, wakati ile motokari iliyokuwa inakupeleka kilomita 200 inaanza kukuombea prizi mapema.

Ndani mle ni hivi. Lithiamu ina pande mbili za kukaa, ukichaji inahamia upande wa grafiti, ukiendesha inarudi kwake. Katikati kuna majimaji ya kemikali inayopitia. Batri ikijaa kabisa, kila seli iko karibu volti 4.2, na kwa hiyo nguvu yale majimaji yanaharibika polepole hata kama motokari imesimama tu haifanyi kitu. Na juu ya grafiti kunashika tabaka nyembamba ambayo inajengwa kwa kula lithiamu yenyewe. Ni sawa na ukoko wa bukari chini ya sufuria, kila siku unashika kidogo, na ile iliyoshika chini hauili tena. Joto linafanya ukoko ushike haraka zaidi. Kwa hiyo kujaa peke yake ni mbaya kidogo, joto peke yake ni mbaya kidogo, vyote viwili pamoja kwa masaa mengi njo vinamaliza batri.

Kabla ya yote ujue una batri gani, juu sheria haziko moja. Kuna zile za nikeli, manganizi na kobalti, zinaandikwa NMC, na kuna zile za chuma na fosfati, zinaandikwa LFP. Nissan Leaf zinazotoka Japani ni za kobalti. BYD nyingi za leo ni LFP, ile wanaita Blade, na Tesla Model 3 za bei ya chini zilizotengenezwa Uchina pia ni LFP. Angalia kitabu cha motokari, angalia kibandiko cha batri, muulize aliyekuuzia, na kama hajui tafuta modeli na mwaka kwenye intaneti mpaka upate. Usikisie.

Na niseme hili juu linaniuma: karibu 70% ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu Kongo, sehemu kubwa pande za Kolwezi. Inatoka kwenye udongo huu, inaenda kusafishwa Uchina, inazunguka dunia, halafu inarudi kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ndani ya motokari ya okazio, iliyotumika tayari, ambayo mtu amelipia pesa ya miaka. Kuua kitu kama hicho kwa sababu ya mazoea ya kuchomeka tu, hapana.

Sasa, kama ni NMC: kila siku uishi kati ya 30 na 80. Hiyo tu. Ukishuka mara moja mpaka 20 hakuna shida, ukipanda 85 hakuna shida, lakini makao yake ya kila siku yawe pale katikati. Kama ni LFP, hiyo iko na uvumilivu zaidi, seli yake ikijaa ni kama volti 3.65 tu, haiteseki sana juu. Lakini iko na ugonjwa wake mwingine: volti yake inabaki karibu ileile kuanzia chini mpaka karibu na juu, kwa hiyo kompyuta ya motokari inapoteza hesabu, inakuambia 30 kumbe ni 18, unazimikiwa barabarani mbele ya watu. Njo maana watengenezaji wanasema LFP uipeleke 100% mara kwa mara, Tesla wao wanasema angalau mara moja kwa wiki, ili kompyuta ijue tena juu ni wapi. Siku zingine hata LFP iache 80 ao 90, na usiiache imejaa wiki nzima kwenye jua.

Motokari nyingi ziko na sehemu ya kuweka kikomo, unaandika 80 inasimama yenyewe. Yangu, Leaf ya 40 kWh (kilowati-saa, ni kipimo cha umeme ambao batri inabeba), haina. Nahesabu masaa, na hapa naomba mtu asome polepole juu hii hesabu njo inaondoa woga wa delestaji.

Prizi ya nyumba, volti 220, ukiweka chaja kwenye ampea 10, inatoa kama kilowati 2.2. Kidogo kinapotea njiani kwa joto, ndani ya batri inaingia kama 1.9. Kwa batri ya 40 kWh hiyo ni karibu asilimia 5 kila saa. Sasa motokari ndogo ya umeme inakula kama 15 kWh kwa kilomita 100. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, na humu mjini hiyo ni mingi, kwenda kazi, kupeleka watoto shule, kupita soko la komini ya Kenya hapa mjini, kurudi, anakula 6 kWh, ni 15% ya batri. Ni masaa matatu ya umeme. Masaa matatu! Hata kama SNEL, kampuni ya umeme, imekupa umeme kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa nane tu, umesharudisha siku yako yote na bado saa imebaki. Na ukiwa unaanzia asubuhi na 80, unaweza kukosa umeme siku tatu mfululizo, ukatembea kilomita 40 kila siku, na jioni ya tatu bado uko na kama 35. Woga wetu ni woga wa simu, simu inaisha kwa siku moja. Motokari haiishi kwa siku moja.

Kwa hiyo vile mimi nafanya: nikirudi jioni naangalia namba, nikikuta 60 sichomeki hata kama umeme iko. Nikikuta 45 nachomeka, nahesabu 80 kutoa 45 ni 35, gawa kwa 5, masaa saba, naweka taima ianze usiku ili imalize karibu na saa ya kutoka. Hii ya kumalizia karibu na kutoka iko na faida mbili, batri haikai juu usiku mzima, na usiku umeme wa kartie unakuwa na nguvu juu watu wamelala, pasi na reso za umeme zimezimwa. Lakini kama kwenu delestaji inapiga usiku, chaji ile saa umeme iko, usingojee taima ikudanganye. Nikikuta 30 na nimesikia wanasema kutakuwa na kazi kwenye laini, hapo napandisha mpaka 90 bila kujiuliza mara mbili. 90 ya siku moja haiui. Inayoua ni 100 ya kila siku.

Safari ni mambo tofauti. Likasi ni kama kilomita 120, Kasumbalesa karibu 90, Kolwezi ni 300 na kitu. Ukiwa unaenda Likasi jaza 100%, ndiyo kazi yake, lakini panga ijae saa kumi na moja ya asubuhi wewe unatoka saa kumi na mbili. Usijaze jana yake mchana. Na barabarani kwa mwendo wa 90 ao 100 inakula zaidi ya ile 15 ya mjini, kwa hiyo kwenda Likasi na kurudi na batri ya 40 ambayo imeshazeeka kidogo, usijaribu bila kuwa na nyumba ya ndugu huko ya kuchomeka masaa mengi. Zungumza naye mbele, umulipie umeme wake, ni heshima.

Joto. Mwezi wa tisa na wa kumi kabla mvua haijaanza, hapa mjini mchana unapita 30, na lami yenyewe ni moto zaidi. Ukirudi saa tisa ya mchana kutoka Kasumbalesa, usichomeke pale pale. Weka chini ya muembe, fungua madirisha kidogo kama lupango iko na mlinzi, ngoja jua lizame, chaji usiku. Mwenye Leaf ya kizazi cha kwanza ao cha pili ajue yake haina maji ya kupoza batri kama motokari zingine, inapozwa na hewa inayopita tu, na huko Phoenix, jangwa la Arizona, Marekani, mwaka wa 2012 wenye Leaf za kwanza njo walianza kulalamika batri zao zimeshuka mapema sana, sababu ilikuwa joto. Sisi hatuna joto la Arizona, tuko juu mita 1,200, usiku wetu unapoa, tumebarikiwa hapo. Tumia huo usiku. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inashuka chini ya 10, ni baridi ya kuvaa koti, na batri ya baridi haipendi kupokea umeme mwingi kwa haraka, lakini na prizi ya nyumba umeme ni mdogo haina neno. Utaona tu kwamba ukishika breki asubuhi hairudishi umeme kama kawaida, ikipashika itarudisha.

Zile mashine kubwa za kuchaji haraka, ukizikuta safarini tumia, ondoka ukifika 80 juu baada ya hapo inaenda polepole na inapasha batri bure. Usiifanye chakula cha kila siku.

Sasa prizi. Hapa nilipata somo langu na nitasimulia yote juu kuna watu wana watoto ndani ya nyumba.

Wiki za kwanza nilikuwa nachaji na ralonji, ile waya ya kurefusha prizi, niliyonunua sokoni, nyeupe, nzuri, imeandikwa ampea 16. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyohitaji, nikaizungusha ile iliyobaki nikaiweka nyuma ya kiti cha barza, ikaa pale kama nyoka amelala. Chaja ilikuwa kwenye ampea 13. Kama saa tano ya usiku mama watoto ananiamusha, "Baba, sikia harufu." Harufu ya plastiki, ile inayoshika kwenye koo. Natoka na lampe ya simu, naona ule mzunguko wa ralonji umelegea kama kandali, waya mbili za ndani zinaonekana, na kichwa cha chaja kimeshikana na prizi ya ukutani, hakitoki. Nilikimbia kwenye disjonkteri, ile swichi ya kukata umeme, nikashusha kwanza, halafu nikangoja kipoe, nikavuta kwa koleo. Pini moja ilikuwa nyeusi kabisa. Asubuhi nikaikata ile ralonji na kisu kuona ndani: mukuba (shaba) uliokuwa mle ulikuwa nyuzi chache nyembamba kama za spika. Sisi tuko mji wa mukuba, na nilikuwa nachaji motokari na waya usiokuwa na mukuba wa kutosha.

Fundi alikuja akaweka laini yake peke yake, kutoka kwenye tabulo ya umeme mpaka barza, waya wa milimita mraba 2.5, disjonkteri yake ya 16, prizi nzito ambayo pini inaingia kwa nguvu. Hakuna friji wala pasi kwenye hiyo laini. Na mimi nimeshusha chaja kwenye ampea 10, siku zingine 8. Ampea kidogo haziumizi batri, zinachelewa tu. Kila ukichaji, baada ya dakika 30 weka mgongo wa mkono kwenye kichwa cha chaja pale kwenye prizi. Vuguvugu ni sawa. Kama hauwezi kuacha mkono pale, toa, kuna kitu kimelegea. Ralonji kama lazima iwe, iwe nene, fupi, na uinyooshe yote.

Waya ya ardhini pia. Chaja nyingi zinakataa kufanya kazi kama prizi haina ardhi, zinawasha taa nyekundu. Na hapa mjini kuna mafundi watakuambia "haina tatizo mukubwa, naifunga tu," anaunganisha nyutro na pini ya ardhi ndani ya prizi ili chaja ikubali. Kataa. Siku nyutro ikikatika huko nje kwenye poto, bodi nzima ya motokari inakuwa na umeme, na mtoto anayeshika mlango akiwa miguu chini kwenye udongo wenye maji njo anakufa. Pigisha fimbo ya mukuba ardhini, ya kweli, na kiangazi wakati udongo umekauka mwaga ndoo ya maji pale mara kwa mara juu udongo mkavu haupitishi vizuri.

Umeme ukirudi usichomeke sekunde ile ile. Friji zote za kartie zinaamuka pamoja, volti inacheza, inashuka 160, inaruka 250, mara nyingine inakatika tena. Ngoja dakika 10. Kama unaacha motokari imechomekwa na hauko nyumbani, weka kile kifaa cha kuchelewesha umeme kama cha friji, lakini soma kinabeba ampea ngapi, vingi vya sokoni ni vidogo kwa kazi hii, na regilateri ya televizyo usiichomeke hapo kabisa. Kama volti ya kwenu inakaa 170, 180 kila jioni, shusha ampea, utaona volti inapanda kidogo na waya zinapoa.

Gurupu, ile jenereta, naitumia tu kwa lazima, esansi ni ghali na ile ndogo ya kelele haitoi umeme safi. Wenye panno za jua wako vizuri, chaji saa tano mpaka saa tisa kwenye ampea 6 ao 8 motokari ikiwa kivulini.

Chini nako kuna hatari. Usizoee kushuka chini ya 10. Na ukisafiri, tuseme unaenda Kinshasa mwezi mmoja, iache 50, kivulini, haijachomekwa. Usiiache 100 ukidhani unaitendea mema, na usiiache 8 juu inaendelea kushuka kidogo kidogo mpaka seli zinaingia pale ambapo haziamuki tena. Ile batri ndogo ya volti 12 toa pini yake ya minasi, hiyo ndogo ikifa motokari haiwaki hata kama kubwa iko na 50, na watu wengi wanakimbia kulia kwamba batri kubwa imekufa, kumbe ni ile ndogo tu.

Anayetaka kununua ya okazio, nenda na kile kifaa kidogo cha OBD cha blutuzi, kinachochomekwa kusoma kompyuta ya motokari, na simu yenye programu ya kusoma batri, kwa Leaf ni LeafSpy. Soma namba ya SOH, hiyo ni afya iliyobaki kwa mia. Usitazame kilomita tu, motokari ya kilomita 40,000 iliyokaa imejaa kwenye parkingi ya jua inaweza kuwa mbaya kuliko ya 90,000. Kwenye tabulo ya Leaf kuna vidole 12 vidogo, vimistari vya afya ya batri, pembeni ya kipimo cha umeme, kidole cha kwanza kikitoka ujue afya imeshashuka karibu 85, na wauzaji wengine wanaweza kuvirudisha vyote 12 kwa kudanganya kompyuta, kwa hiyo usiviamini peke yake. Omba kuiendesha kilomita 20, andika asilimia kabla na baada. Gharanti ya kiwanda ya miaka 8 haikufuati mpaka hapa kwa motokari iliyopita Dar es Salaam, Tunduma na Zambia, ukishavuka Kasumbalesa batri ni yako. Yangu nilipoileta ilikuwa 88. Leo, miaka miwili na miezi minne, asubuhi hii nimepima kabla ya kuandika: 85.